Korona na Kazi za Shughuli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nakodisha mahema, viti na mitambo ya sauti Mombasa. Tangu 2020 nimeulizwa maswali haya haya na wateja, na vijana wa mitambo, na wanafunzi wanaoandika tasnifu, na shemeji yangu mmoja ambaye mpaka leo anataka kujua pesa zilikwenda wapi. Nimeyaweka pamoja nisiwe narudia. Mengi ni ya Mombasa na Kenya, kwa kuwa huko ndiko nilikokuwa. Tanzania na Uganda zinaingia pale mambo yalipokwenda tofauti.

## Mambo ya mwanzo

1. Mtu wa kazi za shughuli ni nani hasa?

Wageni humwona mwimbaji na mshereheshaji, basi. Sasa hesabu harusi moja ya kawaida ya watu 400: vijana sita wa mahema, dereva wa kanta, fundi mitambo na msaidizi wake, mwenye jenereta, mpambaji na wasichana wake wanne, mpishi wa pilau na wapakuaji, mama wa kuosha masufuria, mpiga picha, wa video, wa hina, wa keki, mabaunsa wawili wa mlangoni, na kundi la tarabu la watu saba. Ni zaidi ya watu 30 kwa usiku mmoja, na bi harusi hatawajua hata watano kwa majina.

Walioajiriwa kwa barua ni wachache mno. Wengine hulipwa usiku ule ule shughuli ikiisha, na Dar es Salaam wanawaita deiwaka. Shika jambo hili, maana ndilo linaloeleza kwa nini misaada iliwapita (swali la 10).

2. Shughuli zilisimama lini, zikarudi lini?

Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, na mikusanyiko ya hadhara ikapigwa marufuku siku hiyo hiyo. Baa zikafungwa mwezi huo huo, na mazishi yakaruhusiwa watu 15 tu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka tarehe 7 Julai. Mwezi wa Mei Mji wa Kale ukazungushiwa kufuli la pili ndani ya lile la kwanza.

Kufunguka kulikwenda kwa vipande. Harusi na mazishi yaliruhusiwa watu 100, kisha mwisho wa Septemba 2020 wakaongezwa kuwa 200 na baa zikafunguliwa. Machi 2021 masharti yakakazwa upya. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, na sharti la barakoa nje likaondolewa tarehe 11 Machi 2022. Kwa hiyo mtu akikwambia "ile miezi mitatu ya korona", huyo alikuwa na mshahara. Sisi tulikaa karibu miaka miwili.

Uganda walikaa zaidi yetu. Huko matamasha na baa vilifungwa Machi 2020 na havikufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022.

3. Mbona watu wa pwani husema Machi ile iliwaua kuliko mwezi mwingine wowote?

Kwa sababu ya kalenda. Ramadhani ya 2020 iliingia mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo Rajabu na Shaabani ziliangukia Machi na Aprili. Hiyo ndiyo miezi ambayo pwani kila mtu anataka kuoza kabla ya mfungo. Wiki tano sita zile hutupa chakula cha miezi ya ukame inayofuata.

Vianzio, yaani pesa za mteja za kushika tarehe, vilikuwa vimeshaingia, na kila mtu alikuwa ameshatumia. Mimi nilikuwa nimenunua viti vipya. Mpambaji ninayefanya naye kazi alikuwa ameshaleta vitambaa. Jumamosi ya wiki iliyofuata tangazo, kanta yetu ilikuwa imeshavuka feri ya Likoni na mahema manne na viti 300 pale mama wa bi harusi alipopiga simu. Hakusema mengi. "Baba, warudishe vijana. Tunafunga ndoa sebuleni." Kanta ikageuza, ikapanga foleni tena ya feri, vijana sita wamekaa juu ya viti vilivyofungwa kamba. Nauli ya feri ni ya kwenda na kurudi uwe umefanya kazi au hukufanya.

4. Tanzania si hawakufungwa? Mbona na wao walilia?

Walifungwa kidogo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akasimamisha mikusanyiko, yakiwemo matamasha ya muziki na michezo. Michezo ilirudi tarehe 1 Juni, na kumbi za Dar zikaanza kujaa huku sisi tukiwa bado tunahesabu vichwa. Vijana wangu walitazama picha za harusi za Tanga kwenye simu kama mtu aliyefunga anavyotazama chungu cha jirani. Kuvuka kwenda huko haikuwezekana: katikati ya Mei Kenya ilifunga mpaka wa Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo tu.

Hata hivyo, kazi iliyotegemea wageni wa nje ilianguka kote. Tamasha la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe Zanzibar, lilifanyika Februari 2020 kwa siku nne, kabla ya balaa. Februari 2021 lilifanyika tena, jambo ambalo matamasha mengi duniani hayakuliweza mwaka ule, lakini lilikuwa la siku mbili, tarehe 12 na 13. Siku mbili badala ya nne maana yake ni nusu ya malazi, nusu ya usafiri, na nusu ya siku za kibarua kwa mtu wa jukwaa.

## Pesa za kianzio

5. Kianzio ni pesa ya nani?

Hili ndilo swali lenyewe, na ningelijua jibu lake mapema ningelala usingizi 2020.

Kwa desturi yetu mteja hutoa nusu, au theluthi, kushika tarehe. Dar wanaiita kwa utani kishika uchumba. Mwenye mahema akiipokea anaiona mapato. Anamalizia deni la harusi iliyopita, analipa kodi ya stoo, ananunua taa mpya. Kwa hiyo harusi ya mwezi huu inagharimiwa na kianzio cha harusi ya mwezi ujao, na ya mwezi ujao na ya ule wa baadaye. Gurudumu likizunguka, hakuna anayeona shimo. Likisimama siku moja, wote mnaonekana wadeni.

Ukweli ni kwamba mpaka hema lisimame, kianzio ni deni. Ni pesa ya mteja iliyo mkononi mwako. Biashara nyingi za shughuli zilizofungwa 2020 hazikuuawa na kukosa kazi za Mei na Juni. Ziliuawa na simu za Machi: "Naomba unirudishie ile elfu arobaini." Biashara yenye ghala la mitambo ya mamilioni ikakosa elfu arobaini taslimu.

Mimi nilikuwa na simu kumi na moja za namna hiyo. Wanne niliwalipa kwa kuuza spika mbili za besi kwa bei ya kutupa. Watano walikubali kusogeza tarehe. Wawili tuligombana, na mmoja mpaka leo hanisalimii msikitini.

6. Kisheria, mteja alikuwa na haki ya kurudishiwa yote?

Inategemea kwanza mkataba unasemaje, na mikataba yetu mingi ilikuwa ni ujumbe wa WhatsApp na risiti ya M-Pesa. Pasipo kifungu cha majanga, sheria hurudi kwenye kanuni ya mkataba usiotekelezeka.

Kenya hufuata kanuni za Kiingereza katika mikataba, na kesi mama ya kanuni hii, kwa bahati, ni ya watu wa shughuli. Mwaka 1861 huko London, Taylor alikuwa amekodi bustani na ukumbi wa muziki wa Surrey kwa siku nne za tamasha, pauni 100 kwa siku. Ukumbi ukaungua kabla ya siku ya kwanza. Mahakama ikaamua 1863 kwamba kitu ambacho mkataba mzima umekitegemea kikitoweka bila kosa la mtu, pande zote mbili zinaachiliwa. Taylor hakulipwa gharama zake za maandalizi. Marufuku ya serikali inaweza kutazamwa kwa jicho hilo hilo.

Tanzania wana maandishi kabisa: Sheria ya Mikataba, kifungu cha 56 kinasema makubaliano ya jambo lililogeuka kuwa lisilowezekana yanabatilika, na cha 65 kinamtaka aliyepokea faida chini ya makubaliano yaliyobatilika airudishe. Lakini zingatia: jambo lisilowezekana si sawa na jambo lililopungua utamu. Mteja aliyeruhusiwa watu 100 akaona aibu kufanya bila wale 400 wake, huyo hakuzuiwa, ameghairi. Hapo ndipo ugomvi mwingi ulipolala, na hapo ndipo wakili anapostahili ada yake.

7. Bima hazikulipa?

Kwa watu wa ngazi yetu, hakuna niliyemwona akilipwa. Bima zetu ni za moto, wizi na gari. Hata huko nje bima ya kuahirisha tukio kwa kawaida huacha maradhi ya mlipuko pembeni isipokuwa umelipia kipengele hicho. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalikuwa yamekilipia miaka na miaka, na yalipofutwa 2020 wakalipwa. Ni wachache waliokuwa na subira hiyo.

8. Michango ya kamati ya harusi iliyovunjika inarudi kwa nani?

Hapa sheria haisaidii sana, desturi ndiyo inayoamua, na desturi haikuwahi kuulizwa swali hilo. Aliyechanga hakununua tiketi, amempa mwenye shughuli. Wengi wa Kenya na Tanzania waliamua kuziacha kwa maharusi. Nilizoziona zikileta maneno ni kamati ambazo mweka hazina alikuwa ameshalipa ukumbi na ukumbi hautaki kurudisha. Ukumbi mmoja, siutaji, ulizishika pesa zetu za kianzio miezi kumi na minne ukituambia "mhasibu yuko mapumzikoni".

Ushauri wangu: mweka hazina aandike kila malipo kwa jina la maharusi, si jina lake. Ukumbi ukigoma, mwenye kudai anajulikana.

## Vijana wa kazi

9. Waliokuwa wakilipwa kwa siku walikuwa na haki ya malipo shughuli zilipofutwa?

Kibarua wa siku moja, kwa kawaida hapana, ila siku aliyokwisha fika kazini. Wale vijana sita wa feri niliwalipa siku nzima. Sheria sikuisoma. Nilijua tu kwamba nikiwaacha hivi hivi sitawapata tena.

Lakini si kila anayeitwa kibarua ni kibarua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema mtu wa kulipwa kwa siku akiendelea kazini kwa jumla isiyopungua mwezi mmoja mfululizo, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, mwenye haki za notisi na likizo. Fundi mitambo aliyekuwa stoo kwako kila siku kwa miaka minne, akipakia na kutengeneza, usimwambie kirahisi "wewe ni deiwaka".

10. Serikali si ilitoa misaada?

Ilitoa, na sitaki kuonekana asiye na shukrani. Lakini itazame misaada yenyewe ukiwa umesimama pale alipo kijana wa mahema.

Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shilingi milioni 100 za Mfuko wa Michezo ziende kwa wasanii, waigizaji na wanamuziki. Mbeba spika si mwanamuziki. Wenye mishahara isiyozidi shilingi 24,000 wakasamehewa kodi ya mapato, na asiye na hati ya mshahara hakuwa na cha kusamehewa. Kodi ya ongezeko la thamani ikashuka kutoka asilimia 16 mpaka 14, nzuri kwa aliyekuwa akiuza, na sisi hatukuwa tukiuza.

Kilichomfikia kijana kweli kilikuwa kidogo na cha kawaida. Ada za M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ziliondolewa mpaka mwisho wa 2020, na malipo yetu mengi ni ya mia tano mia nane, kwa hiyo hilo lilisaidia kweli. Na Kazi Mtaani, mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana: vijana wangu wawili walifagia mitaro, awamu ya pili ikilipa shilingi 455 kwa siku. Mmoja wao ndiye fundi bora wa sauti niliye naye.

Wasomaji wa nje huuliza kama Ulaya ilikuwa afadhali. Pesa zilikuwa nyingi zaidi: Uingereza walitangaza pauni bilioni 1.57 kwa sanaa na kumbi Julai 2020, Marekani dola bilioni 15 kwa kumbi kwa sheria ya Desemba 2020. Ila hata huko Uingereza mafundi wa kujitegemea waliandamana kwamba pesa zinaishia kwenye majengo. Jengo lina anwani. Fundi wa jukwaa ana begi la waya tu.

11. Walikwenda wapi? Na wamerudi?

Bodaboda, kwanza kabisa. Kisha kuuza matunda kwenye buti la gari. Mafundi cherehani wa mapambo walikata vitambaa vya meza wakashona barakoa. Wa video walifanya kazi ya kurusha mazishi (swali la 14). Wengine walirudi bara kulima, na kati ya hao si wote waliorejea.

Niliowapoteza moja kwa moja ni watu wazima. Kijana wa miaka 22 atarudi kubeba hema. Fundi wa miaka 45 aliyejua mlio wa kila ukumbi wa Mombasa, akishapata kazi ya ulinzi yenye mshahara wa tarehe 30, harudi kwa ahadi ya Jumamosi. Ndiyo maana siku hizi mitambo ni mipya na sauti ni mbaya.

## Kufanya kazi chini ya masharti

12. Harusi ya watu 100 ilikuwa na faida kwa mwenye mahema?

Hili huwashangaza watu: hema lilipata, vingine vilikosa.

Hema tunaloliita la watu 100 lina mita 6 kwa 12. Weka viti kwa umbali wa mita moja na nusu kila upande kama ilivyotakiwa, unapata viti vinne kwa upana na minane kwa urefu: watu 32. Basi wageni 100 wanataka mahema matatu, na ukihesabu sawasawa hata hayo hayatoshi wanne wa mwisho. Mteja anakuja kwa matumaini, "watu ni wachache, nipunguzie", nawe unampa bei ya mahema mengi kuliko ya shangazi yake mwaka juzi.

Aliyeumia ni mpishi. Pilau ya watu 400 na ya watu 100 huhitaji mpishi yule yule, kuni karibu zile zile, na usiku ule ule bila usingizi, lakini malipo yanahesabiwa kwa sahani. Hospitali nazo zilikodi mahema ya kupimia watu mlangoni, na kodi hiyo ilimwokoa mwenye mahema tu.

13. Kafyu ilipunguza saa chache tu. Kwani ilidhuru nini?

Kwa harusi ya mchana ya bara, ilibana. Kwa pwani ilichinja. Kupamba, ile shughuli ya wanawake ya kumtazama bi harusi, kwetu ni kwa usiku. Wanawake huanza kuingia saa mbili, tatu, bi harusi huonekana saa tano. Kafyu ya saa moja, kisha ya saa tatu, iliifuta shughuli yote, na pamoja nayo tarabu, wapambaji, wa hina na wauza asumini.

Halafu kuna saa ambazo mgeni hazioni. Shughuli ikiisha saa kumi jioni, kuteremsha mahema manne na kupakia ni kazi ya muda wa saa mbili, kisha njia. Tulikuwa tunaanza kukunja hema la nyuma huku la mbele bado wanakata keki. Siku moja tulichelewa tukalala na vijana ndani ya kanta kwenye kiwanja cha mwenye shughuli huko Kisauni. Walitupa pilau iliyobaki, hiyo siwezi kuikana.

14. Kurusha mtandaoni kulilipa?

Kwa wachache. Madijei walipiga muziki moja kwa moja kila wikendi, wakapata watazamaji na majina, lakini mtazamaji hanunui soda. Tena mitandao hukata sauti pale nyimbo za watu zinapotambuliwa, ukabaki unatazama mtu anatikisa kichwa kimya kimya.

Kilicholipa ni mazishi. Familia yenye watoto Muscat, London na Toronto, watu 15 tu kaburini, ilikuwa tayari kulipia kamera mbili na intaneti ya uhakika. Ilikuwa kazi nzito kwa moyo. Mpiga video aliyezoea kusema "tabasamu" alijifunza kusimama nyuma ya mti na kutoonekana. Huduma hiyo haikuondoka na korona. Mpaka leo ndiyo inayolipa kodi ya ofisi za wengi.

15. Mitambo iliyokaa stoo miezi mingi, naiwashaje?

Usiiwashe yote kwa pamoja ukitumaini. Pwani chumvi na unyevu havijui marufuku. Tulipofungua stoo tulikuta ukingo wa sponji wa spika za zamani unavunjika kama biskuti, betri zimevujia ndani ya maikrofoni zisizo na waya, vitelezi vya mikisa vimekwama, na panya wametafuna nyaya ndefu katikati, pale ambapo hakuna fundi anayeangalia. Mahema mawili yaliyokunjwa na umande yalikuwa na ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Tukayakata kuwa vifuniko vya jenereta.

Toa betri kabla ya yote. Badili dizeli iliyolala. Washa kifaa kimoja kimoja kwa sauti ya chini nusu saa. Na siku hizi, hata kama hakuna kazi, kila Jumatatu tunawasha kila kitu. Majirani wamezoea.

## Kesi ngumu

16. Nilisogeza tarehe mara tatu na sasa mwenye mahema anataka bei mpya. Ana haki?

Kama mlikubaliana kusogeza na bei ikatajwa ni ile ile, afunge mdomo afanye kazi. Kama bei haikutajwa, kianzio chako kinasimama kwa kiasi ulichotoa, na salio ndilo la kuzungumza. Mafuta ya 2022 si ya 2020. Mimi niliwaambia wateja watano wa swali la 5 kwamba bei yao haibadiliki kwa mwaka mmoja. Wawili walikuja baada ya miaka miwili wakiwa wameshikilia ujumbe wangu bila ile sehemu ya "mwaka mmoja". Tuligawana hasara.

17. Niliyempa kianzio alifariki, au alifunga biashara.

Deni la marehemu huliandama mali yake. Waendee warithi kwa adabu na ushahidi wa malipo kabla urithi haujagawanywa. Waislamu wanajua kwamba deni hutangulia mgawo, kwa hiyo ukilitaja mapema mara nyingi utasikilizwa. Biashara ikifungwa, tazama ulilipa nani: ukilipa nambari ya simu ya mtu binafsi, unamdai huyo mtu. Ukilipa kampuni iliyosajiliwa, unaidai kampuni, na kampuni isiyo na kitu haikamuliki.

18. Gari la kazi lilikuwa la mkopo. Ilikuwaje?

Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kupanga upya mikopo tangu Machi 2020, na kwa miezi sita kuanzia Aprili waliochelewa kulipa hawakupelekwa kwenye orodha ya wadaiwa wabaya. Waliokwenda benki wenyewe mapema walipata nafasi. Shida ilikuwa kwa waliokopa kwa kuweka kadi ya gari rehani kwa wakopeshaji wasio benki, maana hao walikuja na lori la kuvuta. Na hata aliyepangiwa upya, riba haikulala: nilimaliza gari langu miezi kumi na tisa baada ya tarehe ya awali.

19. Bado naweza kudai kianzio cha wakati ule?

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, Kenya na Tanzania. Miaka huhesabiwa tangu haki yako ilipovunjwa, na mara nyingi hiyo si siku uliyolipa bali siku aliyokataa kukurudishia, au tarehe mpya aliyoishindwa. Deni likikubaliwa kwa maandishi, hesabu inaweza kuanza upya, kwa hiyo ule ujumbe wa "nitakulipa mwezi ujao" usiufute.

Kwa Kenya, dai lisilozidi shilingi milioni moja linaingia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Aprili 2021. Kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nenda na risiti, ujumbe uliochapishwa, na tarehe zilizopangwa kwa mfuatano. Kama unayemdai ni mimi, stoo inafunguliwa saa mbili asubuhi.